Paka Wangu Kaenda Ofisini

Jumanne, baada ya isha

Eti paka naye ana kazi! Tangu mwanangu atutoke, bintiye, Rukia, alikuwa akirudi kutoka ofisini Malindi kimya, chakula hagusi. Wiki hii anambeba Shombo, paka wangu, kwenye kikapu changu. Asema tajiri wao kawaruhusu waje na wanyama wao, roho zitulie.

Roho gani? Panya wanatamba jikoni kwangu! Leo nikavaa buibui, nikamfuata paka wangu.

Nikamkuta kajinyoosha juu ya meza ya Rukia, kazi za watu kazilalia. Na Rukia anacheka. Anacheka kichwa nyuma, vile vile kama marehemu mamake. Nikashika mlango.

"Shikamoo, bibi. Umemjia Shombo?"

"Marahaba. Nani kakwambia? Nimepita tu. Na wewe mtoe mezani, hana adabu huyo."

Sasa najiuliza. Mimi nimempikia Rukia, nimemsomea dua, nimemgombeza ale. Huyu mvivu kafanya nini, zaidi ya kulala? Au ndiyo hiyo dawa, kukaa karibu na mtu na kunyamaza? Mimi hiyo siiwezi.

Kesho nitamtilia kichwa cha samaki kikapuni, aende nacho. Panya? Ufagio ninao.