Mchoro wa Pampu ya Migato

Mdogo wangu Masanja,

Kuna jambo la ile pampu ya kisima cha Migato nimekuficha miaka yote hii. Sasa daktari ameacha kunidanganya, kwa hiyo naandika. Nakuamkia kikwetu: mwangaluka. Natumaini hapo Malampaka ni mhola, salama, na pamba imesimama. Mimi huku ughaibuni kwa mwanangu Shija napanda ngazi kwa kukalia kila kidato, kama mtoto.

Shija anafuga samaki wa baharini sebuleni. Hawaliwi. Nimeuliza mara mbili. Bahari yenyewe anaikoroga kwa chumvi ya ndoo, na katika chumba kilichochimbwa chini ya nyumba ameweka tangi jingine. Maji hushuka humo kusafishwa, kisha pampu huyarudisha juu. Mtu mzima mwenye shahada! Ng'ombe wa baba walikunywa lamboni pamoja na vyura, na hakuna aliyewachujia.

Wiki iliyopita pampu ilikufa. Shija akaja na boksi jipya, anacheka kama bwana harusi.

"Baba, hii inasukuma lita elfu tano kwa saa!"

"Kwenda wapi?"

"Juu."

"Mjinga wewe. Hiyo ni hesabu ya pampu isiyopandisha kitu. Pima kutoka tangi la chini mpaka sebuleni, ongeza kona za bomba, halafu tazama mchoro uliomo ndani ya boksi. Kila mita inakula maji."

Akaufungua. Kwa kimo cha nyumba yake, mstari wa maji ulikuwa umeshagusa sifuri. Akairudisha dukani, akachukua yenye nguvu ya kupandisha.

"Ulijifunza wapi haya, baba?"

Nikasema shuleni. Uongo. Nilijifunza kwako.

Kijiji kilinipa mimi kazi ya kuchagua pampu kwa sababu nimesoma, wewe ukapewa kuifunga. Siku ilipoletwa, ulitazama tangi kule kilimani ukasema mbele ya watu, "Kaka, hii haitafikisha maji kule." Nikakujibu, "Darasa la saba, wewe kashike spana." Wakacheka wote. Kesho yake ukaifunga, na maji hayakufika. Wakasema umeuza pampu nzuri ukafunga mbovu. Nami mwalimu nilikaa mkutanoni na tai yangu shingoni, kimya, mpaka ukahama Migato.

Msalimie shemeji, mkeo, aliyeendelea kunipikia nilipokuja kwenu. Dada yetu Kabula wa Lagangabilili, anayekuita mwizi hadi leo, msomee barua hii yote. Kisha mpelekee mwenyekiti wa kijiji kule Migato, isomwe mkutanoni. Usinionee huruma. Nimewadharau watu wengi maishani, na aliyestahili nilikuwa namnyoa ndevu kila asubuhi.

Boksi letu nalo lilikuwa na mchoro. Niliusoma jioni ile baada ya kukucheka, kabla hujafunga chochote. Nikaona uko sahihi, nikautia motoni jikoni kwa mama.

Kaka yako,
Nkwabi