Shamba la Maji ya Shuka

Jumapili, 2 Februari

Mbingu kavu. Tumesali, tumenung'unika, tumesali tena – wapi!

Leo tena maji ya shuka. Pale gesti ninapofua, maji ya kusuuzia mwisho hayana sabuni, na Bosi alikuwa akiyamwaga mtaroni. Nilimwomba, akasema chukua, utanipunguzia mbu. Basi tangu mvua ikatike mimi nafua, Baba Watoto anasukuma mkokoteni wa madumu na mgongo wake ule mbovu. Kila akimaliza kilima anasema angejua mahari yenyewe ni hii, angeoa mwanamke asiye na shamba. Kopo moja, shina moja. Mahindi yamebeba, kijani mpaka naona aibu.

Redio kapita tukimwagilia. Jirani yetu huyu hazimwi, ndiyo maana ya jina. Kapaza sauti: mama, ukishayaogesha usisahau kuyapaka mafuta! Njia nzima ikacheka. Nikamjibu yangu yanaoga, yake hata kunawa hayanawi. Wakacheka zaidi. Lakini nilipoliangalia shamba lake nikajuta. Majani yamejikunja, ukiyashika yanavunjika.

Jumanne, 4 Februari

Mkutano ofisi ya kata. Joto, viti havitoshi, nimesimama mlangoni.

Mtendaji katueleza. Serikali iko tayari kuitangaza kata yetu eneo la maafa ya kilimo. Ikitangazwa, wote tunapata mbegu na chakula cha msaada, na mkopo wa mbolea unasogezwa mpaka msimu ujao. Lakini haitangazwi kwa machozi. Wataalamu watapima mashamba matatu, watapiga wastani. Ukiwa chini ya nusu ya mavuno ya kawaida, kata nzima inatangazwa. Ukifika nusu, kata nzima haipati kitu. Kata nzima!

Na mashamba yenyewe? Kwa bahati nasibu, mbele ya macho yetu, watu wasije wakasema kuna upendeleo. Karatasi ndani ya ndoo. Ya kwanza, mwalimu mstaafu. Ya pili, Shemeji, mdogo wake Baba Watoto, mwenyekiti wetu wa wakulima. Ya tatu – mimi.

Wote waligeuka wakanitazama kama nimeiba. Mimi! Niliyekuwa kichekesho chao tangu mvua ikatike!

Alhamisi, 6 Februari

Wapimaji wamefikia gesti kwetu. Wawili: mkubwa wao, na bwana shamba. Vyumba vya mbele. Nimewatandikia mwenyewe.

Sokoni salamu zimepungua chumvi. Muuza mkaa kaniuliza mahindi yangu hayajambo. Nikasema yanakusalimia.

Ijumaa, 7 Februari

Asubuhi nilikuwa nakusanya shuka, mlango wao uko wazi, wanakunywa chai. Bwana shamba anasema mawili ya jana yametoa robo tu, tena robo ya kubembeleza. Mkubwa kasema basi kata imebebwa na la tatu, la kesho. Likitoa mavuno kamili, wastani umefika nusu, faili linafungwa. Nilibana zile shuka kifuani nikatoka bila hata kuchukua za chumba cha pili.

Jioni Shemeji kaja. Kauliza afya, kausifu uji wangu ambao hata hajauonja, kanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka nikateleza. Mwishowe kasema: ng'ombe wakikata kamba alfajiri, nani wa kulaumiwa? Ng'ombe hana akili. Kifo cha wengi harusi, shemeji.

Nikamwambia harusi isiyo na chakula sijawahi kuhudhuria. Haya mahindi ndiyo chakula chetu mpaka msimu mwingine. Nikimwaga changu leo, na huo msaada usipofika, nitawalisha watoto nini, wastani? Hakucheka. Kainamisha kichwa, kasema mbegu yake ya akiba wameshaila yote. Hakuna iliyobaki ya kupanda. Sauti ikamkatika, mtu mzima na ndevu zake. Nilitaka kumfukuza, nikajikuta namwongezea uji.

Alipoondoka nilikwenda kwa Redio kuazima kiberiti. Mkewe kakaa uani anapukuchua magunzi. Gunzi zima, punje tano, sita. Anazitia kwenye kikombe cha chai. Hakuniuliza habari ya shamba. Afadhali angenitukana.

Nimemuuliza Baba Watoto nifanye nini. Kasema shamba lako, maji yako, mimi nilikuwa punda tu. Nimemchukia kwa dakika moja hivi. Kisha nimemkanda mgongo.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika nimekaa kwenye tuta, daftari kwenye goti. Mwandiko wa kuku.

Alfajiri nilitoka na panga. Sitajidanganya humu: nilikwenda kuyafyeka.

Nikamkuta Redio. Yuko mpakani na ng'ombe wake wawili, kimya! Kamba mkononi. Alishtuka kuliko mimi. Kasema kweli bila kuulizwa: aliwaleta wale mahindi yangu. Akawafungua, akawafunga tena. "Nimeshindwa, mama. Naona kama nampiga mtoto wa mtu." Kisha kaliona panga. "Na wewe?"

Nikasema nimekuja kukata nyasi.

"Nyasi zipi, mwaka huu?"

Tukacheka, wote wawili, mpaka mimi nikalia. Hapo ndipo gari la wapimaji likapiga honi njiani.

Mkubwa kashuka mikono wazi: hongera, hongera sana mama! Kafurahi kwelikweli, siku nzima juzi alikuwa anapima majani makavu. Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia mkubwa, haya hayaijui mvua. Yamekunywa maji ya shuka, hata za kwako za jana zimo. Kacheka sana. Kisha katazama shamba la Redio ng'ambo ya njia, hakucheka tena. Kauliza hayo maji yangetosha mashamba mangapi. Nikasema hili moja, na mgongo mmoja.

Kasema fomu inauliza mazao, haiulizi maji. Lakini kasogea pembeni na simu. Kaongea muda mrefu, kichwa chini. Sijui na nani. Karudi hanitazami usoni. Kasema lazima tupime kwanza, mama, mengine baadaye.

Wamepigilia vigingi. Mkubwa kauliza nani atawashikia kamba ya kupimia upande wa pili. Baba Watoto, aliyeifuata honi, kainama, mgongo ukamkatalia. Redio kaichukua kabla sijanyanyuka.

Mkubwa anamwambia avute zaidi, imelegea, itawapunja mavuno.

Anavuta.