Mguu Nilioona Haya Kuutaja

Mama Josefu, mke wangu,

Pokea salamu kutoka kwa mwanetu hapa Babati. Wote ni wazima, ila mimi nimeaibika.

Juzi nilikwenda sokoni na mkwe wetu. Kila tulipotembea kidogo mguu wa kushoto uliuma, nikisimama unatulia. Niliona haya kusema, kwa hiyo kila ulipouma nilisimama kwenye meza ya mtu nikauliza bei: mara perege, mara ndoo. Mwishowe nikajikuta nimeshika gauni la maua.

"Mzee, bibi anavaa saizi gani?" muuzaji akauliza. Watu wakacheka. Nikageuka niondoke, mguu ukagoma kabisa.

Mkwe akanipeleka hospitali. Daktari alitaka kuona mguu, mimi nikang'ang'ania soksi. Mkwe akapiga magoti, akanivua mwenyewe. Kidole kilikuwa cheusi, kinanuka. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

"Baba, kwa nini hukutuambia?" akasema taratibu.

Mshipa wa damu umeziba. Daktari anasema kwenye hospitali ya rufaa wanaweza kuuzibua kwa upasuaji. Nikamwambia mimi mzee, wasijisumbue.

"Mzee naye anahitaji mguu wake," akajibu.

Nimekubali. Kidole hakitapona, lakini mguu huenda ukabaki. Tunaondoka Jumatatu.

Kadi hii haina bahasha, watu wa posta watasoma yote haya. Wasome tu. Njoo, mke wangu. Naogopa, na nakuhitaji.

Mumeo,
Baba Josefu