Sanamu au Paa

Jumanne

Nimefanya nini mimi, na mkataba wangu unaisha mwezi huu?

Mkuu wa chuo alitaka marehemu kocha wetu ajengewe sanamu ya saruji pale getini, amevaa suti. Mchoro niliuona. Unafanana na Mkuu mwenyewe. Leo akamwita mjane wa kocha kwenye kikao aje abariki tu.

Mama huyo akacheka. "Suti? Huyo hata siku ya harusi ilibidi nimvue filimbi shingoni! Na mtamsimamisha nje na ukungu huu wa Mafinga, bila sweta? Wajengeeni vijana paa pale wanapokaa kusubiri kuingia uwanjani. Wanalowa. Hilo ndilo alilolalamikia mpaka anakufa."

Mkuu, akiamini atashinda, akasema tupige kura kwa mikono, wote tuliomo, hata mimi karani ninayeandika muhtasari.

Wa sanamu wakawa watatu. Wa paa wakawa watatu, na hapo nikainua mkono wangu kuuliza niandike paa la bati au la vigae.

"Kumbe na wewe, karani!" Mkuu akasema, bila kutabasamu.

Mama akanigeukia. "Asante, baba."

Ningeweza kusema nilikuwa nauliza tu. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikaufunga, mkono nikauacha juu, na paa likapita kwa kura nne.

Kesho asubuhi Mkuu ananitaka ofisini. Naogopa. Lakini akiniuliza nitamwambia ukweli: mkono niliuinua ili niulize, kuuacha juu nilikusudia.