Cherehani Siuzi

Kwako dada, kitinda mimba wetu,

Salamu zako zimefika, pamoja na lile shauri lako kwamba niuze cherehani nihamie kwako. Mimi sijambo. Kutwa nashona sare za shule, na fundi viatu wa mlango wa pili anasema nitashona mpaka za vitukuu.

Jongo la kidole gumba cha mguu limetulia. Daktari alipoona asidi ya yuriki imezidi kwenye damu, alinikataza maini na figo. Mimi, kwa ubishi wangu unaoujua, nikafuta na mayai, maziwa, samaki, maharage. Nikajiona mjanja! Kidole kikapoa, ila suruali zikaanza kunipwaya mapajani, na kiunoni ziko vilevile. Fundi mzima nikalaumu kitambaa.

Mwezi uliopita niliketi chooni nikashindwa kuinuka. Fundi viatu ndiye aliyevunja mlango. Hilo usilikuze.

Daktari kanigombeza: "Mzee, umeruka majivu ukakanyaga moto. Umri unakula misuli, nawe umeinyima chakula." Sasa mayai na maziwa yamerudi mezani, na kila nikimaliza sare nainuka kitini bila kushika kitu. Kukanyaga cherehani ndiko kunakonirudishia mapaja. Ikiuzwa hiyo, nimeuzwa mimi.

Barua hii naipeleka posta kwa miguu yangu mwenyewe, na fimbo naiacha nyumbani. Fundi viatu atanishika mkono, lakini ni kwa sababu njia yetu ni moja.

Kaka yako,
Mbishi