Jiwe Lililofumba Macho

Nereida shoga, usinipigie simu. Naona haya hata kuisikia sauti yangu. Soma tu.

Si unakijua kile kichwa kikubwa cha jiwe pale uwanjani Santiago, kile kilichofumba macho? Leo nilikuwa pale na dada yangu Yadira. Nikamwambia, "Mtazame mama mkwe wangu huyo! Mdomo umeshuka, uso umevimba, kanuna tangu enzi za mababu. Tofauti ni moja tu, jiwe halisengenyi watu."

Yadira akacheka mpaka akajishika mbavu. Kichwa kikanivimba, nikarudia kwa sauti. NIKARUDIA, Nereida!

Jiwe lile linaficha ng'ombe mzima, shoga. Upande wa pili, kivulini, alikuwa amekaa mama mkwe mwenyewe, Mama Eufrosina, kikapu cha tamale za unga wa mahindi, bado ndani ya majani yake, mapajani. Alikuwa ananiletea mimi.

Akatokeza taratibu. "Limefumba macho, mwanangu. Masikio halijaziba."

 

Hakufoka. Laiti angefoka! Alinipa kikapu, akasimama kando ya jiwe, akasema, "Haya, nipige picha, tuone kama kweli tunafanana." Akafumba macho.

Nikapiga. Mjinga mimi, nikapiga kweli!

Tamale ziko mezani, sijazigusa. Sasa hivi nimeikuza ile picha. Mdomo ni uleule, pua ni ileile. Ila jiwe ni kavu, Nereida. Mashavu ya mama yamelowa.