Sauti za Spesiyoza

Jumapili.

Katuni gani ile ya kuliza watu wazima? Nilingoja maroboti makubwa yapigane, hayakuja. Iko mzee mmoja tu wa Kijapani, anakaa na mashine yenye sauti ya mke wake aliyekufa. Umeme wa mji wao unaisha, wanamwambia aizime.

Mjukuu wangu Uwase alikuwa ananitafsiria. Akauliza, "Sogokuru, wewe ungeizima?"

"Mara moja," nikamwambia. "Nusu ya nyumba za Kagugu nimezijenga kwa mikono hii. Mimi silizwi na mashine."

Akacheka. "Wewe ni jiwe kweli."

Jiwe. Habari ya simu sikumwambia.

Mke wangu Spesiyoza hakuwa ananiandikia, alijua nasoma polepole. Alikuwa ananitumia sauti. Nilipomzika, simu ikajaa picha na pole za watu. Uwase akataka kunisaidia kuipunguza, nikamfukuza, nikasema nimeshika simu yeye hajazaliwa. Nikabonyeza mwenyewe. Sauti zote zikafutika, hata ile ya mwisho: "Mzee, rudi na sabuni, na usibishane na watu wa Nyakabanda."

Maneno ninayo. Leo nimeyasema peke yangu mara nyingi, lakini yanatoka na sauti yangu tu.

Katuni tuliiacha katikati, Uwase akaenda kazini Gisimenti. Anasema kesho tumalizie. Nimemjibu sina muda wa mambo ya watoto, lakini nitakaa. Nataka kuona kama yule mzee ataizima.

Asiizime, mjinga yule.